Kola

Kitanda chetu kimepanda mawe mawili
upande wa kichwani. Niliyaokota hapahapa Mabatini,
nyuma ya choo, mlima unapojimega kila masika.
Mwaka wa tisa huu nalala kama ngazi iliyoegemezwa,
na Nkwimba mke wangu kila alfajiri
hujikuta kule miguuni, kajiviringa na shuka,
akiuliza kama tulilala au tuliteremka.

Kiungulia. Jina dogo, kama la mtoto wa jirani.
Kunywa maziwa, wakasema. Tafuna karanga mbichi.
Nimeacha ndimu kwenye sato, nimeacha chai ya rangi,
nimeacha hata kuinama kuokota sindano:
nina sumaku kwenye kamba, naishusha sakafuni,
nazivua moja moja.
Vidonge huzima moto. Makaa yanabaki.

Jumanne nikapanda hospitali ya mlimani.
Daktari Holo, kijana, kucha fupi kuliko zangu,
akachora mgongoni mwa bahasha ya picha:
umio, kiwambo, tumbo kama mfuko wa unga.
"Hapa pana mlango usiofunga."
Nikasema, lasitiki imelegea.
Akacheka, kisha akaandika hivyohivyo: lasitiki.

Njia ya kwanza, wanavuta tumbo kwa juu,
wanalizungushia umio, mzunguko mzima,
wanashona mbele.
Kola! Nilielewa kabla hajamaliza.
"Mishono mingapi?"
"Mitatu. Minne ikibidi."
Mitatu! Na mimi shati la shule, la mtoto atakayelirarua
kabla ya likizo, nalipiga mishono isiyo na idadi.
Moto hukoma, akasema, kwa wengi, kwa miaka.
Ila ikibana, tonge hukwama,
na mbweu haitoki.

Mbweu.
Mama akimaliza ugali wa muhogo na furu
alilegeza kanga kiunoni, akapiga moja, ndefu,
na baba hakunyanyuka mkekani kabla ya kuisikia.
Sikumwambia daktari hayo. Nilikohoa tu.

Ya pili ni kola isiyofika mbele.
Upepo unapata upenyo,
na tindikali nayo, siku za usoni,
huenda ikaikumbuka njia.

Ya tatu ni pete ya shanga za sumaku:
ukimeza inaachia, ukimaliza inajifunga.
Lakini ni safari ya mbali, na bei yake
ni cherehani zangu zote tatu pamoja na fundi.
Tena mashine nyingine za picha huenda zikakukataa.
Nikajiona dukani nimeinama,
sindano zote zinaniamkia kifuani.

Ipo na ya kukata tumbo na kuunga utumbo upya.
Hiyo si marekebisho, hiyo ni nguo nyingine.
Hufaa wanene zaidi. Akanitazama mbavu, akaivuka.

"Baba yako ungemshonea ipi?"
Kalamu ikasimama.
"Ningempima kwanza. Umio ukiwa mnyonge
hauvai kola nzima. Rudi Alhamisi,
tuone unasukumaje."
Hapo nikamwamini. Maana wengi niwajuao
hushika mkasi kwanza, futi baadaye.

Usiku nikakata kitambaa cha sare, kijani,
nikakivungia kidole gumba cha Nkwimba:
kwanza chote, halafu kwa kuacha mwanya.
Akakunja kidole. Akakunjua.
Kile cha kwanza kikamwachia alama.
"Hiki," akasema, "kinapumua."

Na moto ukirudi?

Akakiweka kitambaa mtotoni mwa meza,
akazima taa, akapanda kitandani
kwa kushika ukingo, kama apandaye mtumbwi.
"Mawe si yapo," akasema gizani.
"Nani kakwambia tutayatupa?"