Kilo Hamsini na Mbili

Manitoba, Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Injini imewaka kwa mkupuo mmoja, inanguruma vizuri,
lakini tingatinga dogo la baba halisogei,
mikono yake haiinuki,
na ng'ombe wanalia njaa.

Nimechomoa kijiti: oili ipo, nzito kama asali.
Nikaipa nusu saa ipate moto.
Bado.
Fyuzi nane nimezimulika kwa simu, moja moja:
nzima.
Chujio ni jipya, lina tarehe kwa mwandiko wa baba,
Oktoba, siku tisa kabla.

Nikampigia jirani, Metro.
"Chuma cha mapajani umekishusha?"
Nimekishusha.
"Breki?"
Taa yake imewaka, haitaki kuzima.
Akanyamaza; nikasikia akipuliza kahawa.
"Halyna, una kilo ngapi?"

Nilitaka kumtukana.

"Chini ya kiti kuna swichi. Isipokandamizwa,
mashine huamini hakuna mtu, hufunga kila kitu.
Na springi ile Orest aliikaza mwenyewe,
kwa kipimo cha tumbo lake."

Nikarukaruka kitini kama mtoto.
Taa ikazima. Ikawaka tena.

Basi nikaenda ghalani,
nikabeba jiwe la chumvi ya ng'ombe, kilo ishirini,
nikalipakata.
Breki ikaachia, ta!
Mikono ikapanda, theluji ikamwagika
juu ya kioo.

Kesho nitailegeza springi, nimemwahidi Metro.
Kesho, au keshokutwa.
Leo tunalisha wawili,
mimi na chumvi.