Ra na La

Saa mbili kasoro robo. Navua viatu mlangoni,
natia miguu kwenye sapatu za shule,
visigino vikibaki nje.

Jiko la mafuta ya taa linakoroma.
Chizuru, dawati la mbele, anapigana na ulimi:
ra inatoka la,
la inatoka ra.
Wenzake wanainama. Hapa kosa la mmoja
ni aibu ya darasa zima.

Namwambia, kwa Kijapani changu cha kuokoteza,
kwamba mama yangu, kila uchaguzi,
huenda kupiga kula.

Haelewi. Angeelewaje?
Nacheka peke yangu, kwa sauti.
Yeye, kwa adabu, anacheka pia.

Jioni wanafunzi wanapiga deki.
Chizuru ananipa tambara,
ananitazama ninavyolikamua.
"Si hivyo, Mwalimu.
Wima."