Begi Moja

Nahodha kasema: begi moja, kabati lako dogo.
Solenn, chumbani Antibes, kamwaga vyombo kitandani.

Kisu cha minofu hakina mjadala;
kakiviringisha kwa taulo kama mtoto mwenye homa.
Mizani, haya. Kikwangulio cha limau, haya.
Kinu cha jiwe cha bibi yake, kilo nne,
kakinyanyua, kakitua,
kakinyanyua tena.

Boti ikilala ubavu jiwe halina adabu:
litavunja sahani za tajiri,
au kidole chako cha mguu.

Kakiacha dirishani.
Mchi tu kauchukua, kauchomeka kati ya soksi.

Wiki ya tatu, mbali na nchi kavu,
anatwanga vitunguu saumu
bakuli la plastiki likimkimbia mezani,
na mkono unauliza
uzito umekwenda wapi.