Wali Mwisho

Nimelima mpunga miaka hamsini na mitatu
hapa Uonuma, chini ya milima isiyovua theluji hadi Aprili,
na sikuwahi kupima wali.
Mpunga tulipima kwa magunia,
mchele kwa kibaba cha mbao alichokichonga babu yangu.
Wali ulipimwa kwa tumbo.

Sasa Fusae ameweka mizani mezani,
ya plastiki, yenye tarakimu za kijani,
na bakuli la mjukuu lenye picha ya sungura,
maana langu, anasema, linadanganya macho.
Gramu mia na ishirini.
Punje ikizidi anairudisha sufuriani kwa ncha ya kijiti.
Punje moja, Fusae!
Mimi niliyekuwa nikiwamwagia kuku kwa ndoo.

Ilianza na mabega, Januari.
Mikono ilikataa kupanda hadi kwenye kola ya shati.
Daktari Igarashi akaandika vidonge vitatu kila asubuhi,
vidogo, vyeupe, kama chenga zilizoponyoka kwenye chekecheo,
na siku ya tatu nilikuwa juu ya paa na koleo
nikiporomosha theluji kama kijana anayeposa.
Nikasema, dawa hii ni malaika.

Malaika akaja na mizigo yake.

Njaa ya mkulima naijua:
huja na jasho, huondoka na sahani.
Hii haikuwa na adabu.
Iliniamsha saa nane usiku,
ikanisimamisha jikoni bila taa
nikibandua ukoko kwa kucha.
Kilo tisa kwa wiki kumi na moja.
Mshipi ukaisha matundu.
Chinatsu akanishika mashavu kwa viganja vyote viwili:
"Babu, umekuwa mwezi."

Na damu yangu ni mnafiki.
Asubuhi natoboa kidole: tisini na nane,
kama ya mtu asiye na hatia.
Saa kumi jioni, kidonge kikiwa kazini:
mia mbili themanini na saba.
Waliosema mla ni mla leo
hawakutobolewa kidole jioni.

"Basi niviache," nikamwambia daktari.
Akatazama nje, kwenye mapaa.
"Ukimaliza kusafisha theluji," akauliza,
"huwa unaruka, au unashuka kwa ngazi?"
Nashuka kwa ngazi. Robo kidonge kwa mwezi.
Haba na haba hujaza kibaba;
kukipunguza nako ni haba na haba,
na hakuna aliyetutungia methali ya hilo.

Kisha binti wa lishe, Tomizawa, nywele fupi, kalamu sikioni:
mboga kwanza,
samaki wa pili,
wali mwisho.
Akayasema hayo mbele ya mikono yangu,
mikono yenye udongo wa konde usiotoka hata kwa brashi.
Nikacheka.
Fusae hakucheka. Alikuwa anaandika.

Septemba tukavuna.
Mchele mpya una harufu yake, sitaieleza,
aliyewahi kufunua sufuria ya kwanza anajua.
Nilikula figili. Nikala kabichi, jani kwa jani,
kama ng'ombe aliyesomeshwa.
Nikala samaki hadi mifupa ikawa safi.
Wali ulinisubiri kwenye sungura wake, ukipoa.
Nilipoufikia niliutafuna mpaka ukawa mtamu,
halafu nikakasirika,
kwa kuwa utamu ule ndio wanaoutafuta kwenye kidole changu.

"Twende," Fusae akasema, "hadi darajani."
Tukatembea kandokando ya mabua yaliyokatwa,
kitambi changu kikitangulia, yeye nyuma na tochi,
bila kuzungumza, isipokuwa mara moja
aliponiuliza kama mabega yanauma.
Hayaumi.

Kurudi: mia na sitini na tatu.
Akaiandika kwenye kalenda ya benki, chini ya jana,
akafunika sufuria, akaweka jiwe juu ya mfuniko.
Jiwe, kama vile mimi ni paka.
Nililala nikiusikia ukoko
ukipoa, ukipasuka kidogo kidogo humo ndani.