Nafsi ya Kwanza, Umoja

Usiku wa kuamkia sherehe nilimwandikia waziri neno "mimi"
mara kumi na nne.
Herufi nene, saizi ishirini na mbili,
maana miwani haitaki, asema yamzeesha mbele ya kamera.
Kwa penseli nikatia mikwaju pale pa kuvuta pumzi,
na Kizingitini nikaligawa vipande vitano,
asije akajikwaa mlangoni mwa watu.

Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii.
Barua nazitunga mimi, zatoka na cheo cha mwingine;
changu ni kile kikovu cha wino kando ya k.n.y.,
kwa niaba ya.
Nimekuwa kwa niaba ya mawaziri sita.
Mmoja aliniita Shee, jina langu.
Wawili waliniita Kijana, hata mvi ziliponitoka.
Huyu wa sasa hunielekezea kidevu.

Ukurasa wa tatu ulikuwa na pengo.
Mita za mabomba zilikuwamo, mamilioni yalikuwamo,
maji yenyewe hayakuwamo.
Saa nane za usiku, umeme umekatika,
punda wawili wanagombania ganda la tikiti uchochoroni,
nikaandika kwa tochi ya simu:
Mimi, mama yangu aliteka maji kisima cha Langoni
hata kamba ya makumbi ikamchora kiganja,
na chai ya kwetu ilionja chumvi kabla ya sukari.

Sikuomba ruhusa. Niombe kwa nani?
Yalikuwa yangu, nikayatia kwenye faili
kama karani atiavyo shilingi yake mwenyewe
ili hesabu ya ofisi ifunge.

Asubuhi, uwanja wa mbele ya ngome.
Mimi nyuma ya spika, na nakala ya akiba,
na tembe za presha za mheshimiwa mfukoni mwangu,
midomo yangu ikimtangulia kwa pumzi moja.
Kizingitini akapita salama.
Kisha ukurasa wa tatu.
Naye, haki yake tumpe, ni msomaji:
sauti akaishusha, mkono akauinua,
kiganja kikawaelekea watu, laini kama sabuni mpya.
Wanawake wakavuta pembe za buibui machoni.
Safu ya nne, kiti cha plastiki chenye mguu mbovu,
Mama akafungua kiganja chake juu ya paja
akakitazama,
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa
kwenye hospitali asiyolazwa.

Makofi sekunde kumi na moja.
Nilikuwa nimekadiria sita.

Jioni nilimkuta akichambua kunde.
Bomba jipya lilikuwa linakoroma tu, hewa tupu;
fundi kasema Jumatatu.
"Shee, yule waziri wenu, mamake ni nani?
Kile kisima twalikuwa twateka mai watu wanane,
wote nawayua, kwa majina na kwa ndoo zao.
Mbona yeye simuyui?"

Nilikula kiapo mbele ya hakimu, mkono juu ya Msahafu:
ya ofisini hayatatoka nami.
Nikasema, labda alikuwa akija usiku.

Akanyamaza. Akatoa kijiwe kwenye kunde,
akakiweka pembeni, na wenziwe.
"Labda," akasema. "Lakini mwambie
haikuwa makumbi. Ilikuwa nailoni,
ile ya buluu, ya kufungia mizigo.
Makumbi hayakati vile."

Jumatatu nikafungua faili, ukurasa wa tatu.
Makumbi nikayafuta, nikaandika nailoni, ya buluu.
Hakuna atakayeusoma tena ukurasa ule.
Kila sahihisho, hata hivyo, sharti lipigwe saini pambizoni.
Nikaandika k.n.y.,
na kalamu ikakaa hapo hapo,
nikitafuta cheo chake.