Mstari wa Chaki

Sanduku lilifika Skála kwa meli ya Jumanne,
limelowa pembe moja. Baba hakulifungua.
Alilikalisha jikoni usiku kucha,
lizoee joto la nyumba, jasho la ndani likauke,
kama mgeni asiyeulizwa habari kabla ya kunywa maji.

Asubuhi ya Januari
(huku kwetu Faroe ni usiku wenye kahawa)
alivaa miwani, akasoma kijitabu
kuanzia nyuma, kurasa za maonyo.
Miaka thelathini na mmoja alichomelea meli hapo chini bandarini.
Nani wa kumfundisha habari za mwanga?

Nilikuwa na miaka sita siku aliyoinua kinga ya uso,
sekunde tu, amwitikie Eyðun aliyemwita kwa jina.
Haikuuma. Alikula, akacheka, akalala.
Saa nane usiku macho yakajaa mchanga.
Siku mbili alikaa gizani, vipande vya kiazi kibichi juu ya kope,
mama akimsomea gazeti mpaka matangazo ya kondoo.
"Mwanga mbaya hauumi papo hapo," husema.
"Unakukopesha. Usiku unakuja kudai."

Basi leo anapima.
Ukuta wa sebule umepinda tangu nyumba ijengwe;
pimamaji inasema hivyo, na baba anaitukana pimamaji.
Anachonga vibao viwili, anavisukuma chini ya kabati,
maana picha, asema, hainyooshwi kwa rimoti
kama kitako chenyewe kimelala upande.
Projekta inakaa karibu na ukuta, shubiri moja tu,
lenzi imetazama juu, kama kisima.
Na kisima, mtoto gani hakichungulii?

Kushoto shubiri mbili, kulia shubiri mbili, ipumue.
Juu, kitu chochote kisitue.
Hapo akasita,
mkononi ana kitambaa alichokifuma mama,
kile kilichofunika kila televisheni tuliyowahi kuwa nayo.
Akakigeuza. Akakikunja mara nne.
Akakitia mfuko wa shati, akaendelea na kebo.

Kijitabu kinasema ina kihisio:
mtu akisogea, leza itafifia yenyewe.
"Hata tangi la mafuta lilikuwa na kengele," akasema baba,
akachomoa chaki ya kuwekea alama chuma,
akachora sakafuni nusu duara, hatua tatu za mtoto.

Rannvá, mwanangu, akaja na soksi zake,
akapanga vidole juu ya mstari barabara.
"Babu, kwani mwanga una meno?"
"Unayo. Ila haucheki."
"Na paka je?"
Baba hakuwa amefikiria paka.
Tulimfungia jikoni, akalalamika filamu nzima.

Lakini kabla ya filamu kulikuwa na miraba,
miraba myeupe na mistari ya kujaribia,
na baba alikaa akiitazama dakika ishirini,
akiisifu kona moja, akiilaumu nyingine,
mpaka nikadhani ndiyo burudani yenyewe.
Rannvá aliona punje ya vumbi kwenye kioo cha lenzi,
akanyoosha mkono na leso.
Hakuna aliyewahi kusikia sauti ile ya baba ndani ya nyumba.
Sauti ya karakana.
Mtoto akaganda. Baba akazima, akachomoa waya,
akamkalisha pajani, akamwonyesha kope zake mwenyewe:
"Kila kitu humu kina spea. Haya hayana."

Usiku, wote wamelala, nilimkuta sebuleni
akisubiri feni imalize pumzi zake.
Soksi zilikuwa zimekula nusu ya mstari.
Alipiga goti, goti likalia,
akauchora upya, taratibu,
bila kuwasha taa,
kile kitambaa kikichungulia mfukoni.