Kijiko Kimefukiwa

Kila kopo jipya huja na kijiko chake,
kimefukiwa chini kabisa, kama mbegu ya mtu asiyejua kupanda.
Nakichokonoa kwa vidole viwili,
saa kumi na moja alfajiri, hapa Uyole,
ukungu umeegemea dirisha kama mgeni asiyeaga,
na unga unanipaka weupe hadi kiwiko.

Vanila, wameandika.
Mimi nasikia chaki.

Daktari alinichorea tumbo langu jipya
nyuma ya bahasha ya dawa.
"Tumekata, limebaki hivi," akasema. "Kama ndizi."
Ndizi! Mimi, mtoto wa Tukuyu!
Nilicheka mpaka mishono ikanikemea.
Nikamuuliza: mzuzu au kisukari?
Hakuwa mtu wa mzaha.
"Gramu sitini kwa siku. Protini kwanza.
Vingine vikipata nafasi, viingie."

Basi ndiye mimi, Subilaga,
muuza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa,
nisiyemaliza vijiko vitatu vya wali,
nawasifia wateja utamu wake
kama kiziwi auzaye redio.

Sokoni kila kitu hupimwa, isipokuwa maneno.
Walioniita Bonge, tena kwa mapenzi,
sasa wananiita "dada",
kwa sauti ile ya wodini.
Na Bupe, msusi wangu,
alinyamaza ghafla kwenye mstari wa tatu,
akafumba kiganja.
Nikamwambia, fungua.
Nywele zangu, kiasi cha kiota cha shorewanda.
Mwezi wa nne hutokea, nilikuwa nimeambiwa:
mwili ukipungukiwa hukopa kichwani,
wala haukuandikii deni popote.

Ijumaa tulimzika baba mkubwa, Kiwira.
Nikakaa na shangazi zangu juu ya majani ya mgomba.
Sinia likaja, mikono ikazama.
Kuna macho msibani yanayohesabu matonge ya wenzao.
Nikaitoa chupa, nikaitikisa chini ya khanga,
nikasahau ile gololi ya waya iliyomo ndani:
kachakacha, kachakacha,
na mchungaji ndiyo kwanza amesema, tufumbe macho.

Mama hakusema kitu hadi usiku,
tumebaki wawili jikoni na moshi.
"Hicho kikopo, shilingi ngapi?"
Nikamtajia nusu ya bei.
Hata hiyo nusu ilimshikisha kichwa.
"Kina nini ndani?"
"Maziwa, mama. Si maziwa yenyewe.
Yale maji yanayojitenga mtindi ukikatika,
wameyakausha."
Akakaa kimya, akiyatafuta kwenye kumbukumbu.
"Yale ya kijani kijani?"
"Hayohayo."
"Yale tuliyokuwa tunammwagia mbwa?"

Akacheka mama yangu, siku ya msiba,
akajiziba mdomo kwa upande wa khanga,
akacheka mpaka akalia, kisha akalia kweli,
na mimi nikamshika, mwembamba kwa mwembamba,
kwa mara ya kwanza mikono yetu ikazungukana.

Lori likianguka Kitonga, basi la Dar halifiki,
kopo hukwangua. Hapo yeye huniletea mayai,
na dagaa wa Matema, wamechambuliwa vichwa,
wametwangwa wakawa vumbi.
Anawapima kwa kijiko cha kopo langu la kwanza,
alikiomba, nikampa,
anakitunza kwenye glasi pamoja na miwani yake.
Sijui gramu ngapi.
Naye hajui. Anajaza, anasawazisha kwa kidole.

Miaka arobaini na moja amekuwa akiniuliza,
umekula?
Leo simu imeita kabla kunguru hawajaanza.
"Umekunywa?"
Nimefika nusu, mama.
Nangoja ishuke.